Ukitoka Mombasa kuangalia ndege, tazama maji kwanza

Wageni wangu wakitaka ndege huulizia Maasai Mara au Nakuru. Sawa, Kenya ina aina zaidi ya 1,000 na kila upande una wake. Lakini wewe uko Mombasa tayari! Panda matatu ya Malindi, ushuke Gede. Upande mmoja wa barabara una msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa pili una Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.

Safari hii mimi huipanga kwa mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Basi alfajiri uwe msituni, na saa nane uwe Mida, kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Maji yakiwa yamepwa, ndege wametapakaa huko matopeni, hata kwa darubini ni vidoadoa tu. Yakianza kujaa huwasogeza kidogo kidogo hadi wanakujia wenyewe: vitwitwi waliotoka Siberia, na yule mla kaa mweupe, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayetaga mayai ndani ya mashimo ya mchanga pande za Uarabuni. Wengi hufika Agosti na Septemba, wakaondoka Aprili. Juni usijisumbue kwa ajili yao.

Msituni usiingie bila kiongozi wa hapo hapo, wala usibishane naye sana bei. Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 16 hivi na mchana hulala kichakani. Peke yako utampita hatua mbili usimwone. Kiongozi wetu alitusimamisha kwenye njia ya udongo mwekundu, akazama vichakani, kisha akatuita kwa mkono. Walikuwa wawili, wamebanana kwenye tawi usawa wa macho yangu, mmoja wa kijivu, mmoja wa rangi ya kutu. Wa kijivu alifumbua jicho nusu, akalifumba. Tukarudi nyuma upesi, maana bundi akishaguswa usingizi huhama.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiwapigie ndege sauti zao kwenye simu. Ni tabia mbaya, hata kama kiongozi mwenyewe ndiye anayependekeza. Na akikuahidi kwera wa Kilifi, ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti hiyo, mchukulie kama bahati, kwani huhamahama kwa makundi.

Matatu ya asubuhi kutoka Mombasa haikufikishi mapema vya kutosha. Lala Gede au Watamu. Vaa nguo zisizong'aa, funika miguu kwa ajili ya mbu na siafu, na mpigie kiongozi jioni ya kuamkia safari mpatane saa na malipo.