Maswali na majibu: mapishi ya nyumbani ya Uswidi

Skonzi zangu za mdalasini, zile ziitwazo kanelbullar, hutoka ngumu ingawa nafuata vipimo. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa huwa kwenye unga. Donge la kanelbullar hutakiwa libaki laini na kunatanata kidogo vidoleni, na mpishi anayenyunyiza unga kila linaponata atakanda kwa raha lakini atakula mkate mkavu. Maziwa ya kuyeyushia hamira mbichi yawe na joto la nyuzi 37 hivi, yaani ukichovya kidole usihisi moto wala baridi. Zikishaumuka mara ya pili, zioke kwenye oveni ya nyuzi 225 kwa dakika nane hadi kumi tu, kisha zifunike kwa kitambaa safi zingali moto ili mvuke ulainishe ganda. Iliki, ambayo Waswidi huitia ndani ya donge lenyewe, itwange papo hapo kinuni na uiache na chengachenga, kwa kuwa ile ya unga iliyokaa kwenye kopo miezi kadhaa hupoteza harufu karibu yote.

Mapishi yalitaka "krm 2" za iliki. Nilitia vijiko viwili vya chai, biskuti zikawa chungu.

Pole. Krm ni kifupi cha kryddmått, kipimo cha viungo chenye mililita 1, ilhali kijiko cha chai (tsk) ni mililita 5. Ulizidisha mara tano.

Nilipika Janssons frestelse kwa anchovi wa kopo kutoka Italia, tukashindwa kula kwa chumvi.

Hapo jina limekuponza, kama lilivyowaponza wengi. Chakula hiki cha mezani wakati wa Krismasi ni viazi vilivyokatwa vijiti vyembamba, vitunguu, malai na samaki wanaoitwa ansjovis. Lakini ansjovis wa Uswidi si anchovi hata kidogo, bali ni skarpsill, samaki mdogo wa jamii ya heringi, aliyelowekwa katika maji ya chumvi, sukari na viungo. Utamu huo ndio unaokutana na malai na kukifanya chakula kiwe kilivyo, na maji ya kopo humiminwa juu ya viazi badala ya kumwagwa. Ukimkosa, tumia heringi wa kulowekwa kwa viungo, usiongeze chumvi mpaka umeonja.

Kwa nini supu ya njegere huliwa Alhamisi?

Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba desturi hiyo ilitokana na zama za Ukatoliki, watu walipojishibisha kabla ya mfungo wa Ijumaa. Njegere za manjano hulowekwa usiku kucha, huchemshwa na nyama ya nguruwe, huliwa na haradali, kisha hufuata chapati za maji na jamu. Asiyekula nguruwe aiache nyama hiyo, aongeze kitunguu na majani ya thyme. Supu itakuwa nzito vilevile.