Kwa Wanaoanza Kuwatafuta Kina Bibi

Wengi mnaokuja kukaa nasi, sisi wanawake wa Mombasa tunaotafuta majina ya kina bibi zetu, mna miaka arobaini na kitu au hamsini. Watoto wako Doha au Nairobi, mume amestaafu bandarini na ashinda barazani, au hayupo tena. Hedhi yaelekea kukoma, usiku joto lakuamsha, na ukishaamka swali hilo hapo: nikiacha kuitwa mama fulani na mke wa fulani, ni nani mimi? Baadhi yenu mmesoma ufeministi chuoni, wengine neno lenyewe mwalikimbia mkidhani ni la kuvunja ndoa. Karibuni nyote. Nitakayoyasema ni ya kazi tu. Nimeona anayekuja akitaka maana ya maisha aondoka mapema, na anayekuja akitaka jina la bibi mzaa bibi yake abaki, kisha siku moja wamkuta hana tena haja ya kuuliza lile swali la usiku.

Anza na nyumbani kwenu. Kwenye koo nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia mtaa wa Kibokoni hadi Kuze, hamkosi mzee mwanamume wa kukuteremshia nasaba: fulani bin fulani bin fulani, vizazi saba, kumi, mpaka afike Hadhramaut ya Yemeni au kisiwa cha Pate. Msikilize, uandike, umshukuru, maana naye amebeba kitu. Kisha muulize kila mmoja kati ya hao alizaliwa na nani. Utaambiwa "mamake alikuwa mtu wa huku huku", au "mwanamke wa bara", au sauti itashuka aseme "suria", yaani mtumwa aliyezaa na bwana wake. Weka alama hapo kwenye daftari. Alama hizo ndizo kazi yako ya miaka mingi ijayo.

Sasa nenda kwa bibi zako, lakini usiwaulize kama karani wa vitambulisho. Ukimwambia bibi wa miaka themanini "nyanya yako aliitwa nani?", atakujibu "twalimwita Bibi", na ni kweli, kwani mtoto wa zama zile hakuwa na ruhusa ya kutaja jina la mkubwa. Uliza kwa ubavuni. Nani alikuwa somo yako, yule mwanamke aliyekufunda ulipoolewa, na yeye somo yake nani? Mamako alipojifungua, nani alikuja kumkanda? Nyanya yako alipofariki, nani walimuosha? Alicheza lelemama, ile ngoma ya wanawake, na chama chao kilishindana na cha kina nani? Majina ya wanawake yamo kwenye kazi walizofanyiana.

Kuna bibi mmoja nilikaa naye uani akisuka ukili. Habari za mamake alinijibu neno moja moja, macho kwenye ukindu. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kusuka ukili mpana vile. Akacheka, akataja jina, akamtaja na aliyemfundisha huyo: mwanamke aliyekuja kwa jahazi kutoka Faza, mjane, mtoto mgongoni, akamlipa mwenye nyumba kodi yake kwa mikeka mpaka mtoto akakua. Vidole havikusimama. Alipofika mwisho wa uzi akalowesha majani mengine majini, akasema kama asemaye bei ya sukari, "Basi huyo ndiye mama wa mama." Lau ningemkalisha kitini na kumwekea simu ya kurekodi puani, nisingelipata hata nusu yake.

Tarehe pia msizidai. Wazee hawahesabu miaka, wahesabu mambo. Muulize kama harusi ile watu walivuka Nyali kwa daraja la kuelea, lile la 1931, au kwa hili la saruji lililofunguliwa 1980. Kama ilikuwa kabla ya bendera, yaani uhuru wa 1963, au baada. Kanga nazo husaidia, lakini kwa tahadhari: bibi atakumbuka barabara jina la kanga aliyotunzwa, ila kanga iliyopendwa huchapishwa tena na tena, kwa hiyo usiifanye ushahidi pekee.

Umri wenu huu una faida ambayo hatuambiwi. Msichana wa miaka ishirini akiuliza nani alikuwa suria wa nani, ataambiwa hana adabu. Wewe uliyekwisha kuwa mtu mzima, uliyeosha maiti na kuwafunda watoto wa wenzio, unapewa kiti na kahawa. Itumieni nafasi hiyo.

Na mtaufikia utumwa. Wengi hapo ndipo husimama. Huku pwani ya Kenya utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907, kwa hiyo mzee wa leo aliyepita miaka themanini huenda nyanya yake alizaliwa katika hali hiyo. Si mbali. Kengele ya Freretown, kijiji cha wamisheni cha watu waliotolewa utumwani, bado ipo Kongowea na matatu zapita kando yake kila siku. Kwa sheria ya dini, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na babake ni huru na hufuata nasaba ya babake, na mama naye huachwa huru bwana akifa. Mtoto kapata jina refu, na jina la mama likaanguka njiani. Ndiyo sababu ya zile alama kwenye daftari lako.

Ukimkuta bibi kama huyo, mwandike. Lakini usimtangaze harusini, wala usiweke jina lake mtandaoni kabla ya kuzungumza na jamaa walio hai, kwani kuna ndoa mjini hapa zilizokwama kwa maneno ya asili ya mtu. Kwangu mimi, anayetafuta masharifu, wa ukoo wa Mtume, peke yao ataishia kunakili shajara ya baba, yaani ule mti wa nasaba, kwa mwandiko mzuri zaidi, na hiyo si kazi iliyotuleta hapa.

Visa vya kale twavisoma kwa swali lilelile. Chukueni Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Sote twamjua: jitu, mshairi, mshale wake haukosi, haingiwi na kitu ila sindano ya shaba kitovuni. Haya, yuko gerezani, kesho auawe. Nani amtoa? Mamake, Mbwasho, aoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na kijakazi Saada aubeba mpaka mlangoni. Walinzi wala vilivyo vizuri, mkate wa wishwa wamwachia mfungwa. Nje ngoma yalia, ndani tupa yakata pingu. Na mwisho kabisa, shujaa amekufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, mji mzima wamwogopa maiti na hawana maji, ni mamake tena anayepelekwa kumbembeleza. Watoto wetu husimuliwa hayo yote na mwisho wabaki na urefu wa Liyongo.

Kila anayejiunga nasi humpa zoezi hili: isimulie upya kwa kinywa cha mwanamke mmojawapo. Wageni karibu wote humchagua Mbwasho. Saada hana anayemtaka, ingawa ndiye aliyepita mbele ya mikuki mara kwa mara, na akigunduliwa hana ukoo wa kumlilia. Basi rudi kwenye daftari lako, uhesabu zile alama, kisha chagua tena.

Kuhusu Mwana Mkisi, malkia ambaye masimulizi ya Mombasa yasema alitawala kabla ya Shehe Mvita, mtasikia ubishi: huyu asema ni kisa tu, yule asema ni ujahili wa kabla ya Uislamu usiofaa kutajwa. Msipoteze alasiri nzima kwa hilo. Mimi hupenda kuwaambia wageni watembee mjini wahesabu wapi wanalikuta jina la Mvita, ambalo liko hata kwenye jimbo la bunge na kwenye lahaja tunayoisema, kisha wawaulize watoto watatu wa shule Mwana Mkisi ni nani.

Wale ambao mama zao ni Wagiriama, Warabai au Wadigo, na ni wengi kuliko wanaokiri, wasijione wageni katika kazi hii. Mekatilili wa Menza, Mgiriama, alipowainua watu dhidi ya Waingereza mwaka 1913 alikuwa mjane, mtu mzima, na alikusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga. Waingereza walimpeleka uhamishoni Kisii, akarudi.

Mwana Kupona, mshairi wa kale wa pwani, ndiye hutugombanisha. Mwaka 1858 alimwandikia bintiye wasia, yeye mwenyewe maradhi yamemshika mwaka mzima, na ndani yake radhi za mume amezipanga pamoja na za Mungu, Mtume, baba na mama. Wadogo wetu hukasirika, wakubwa hulia. Mimi namsoma kama mama ajuaye anakufa, anayemfunza mtoto kuishi salama ndani ya nyumba alizozikuta, na pia kama mwanamke aliyesema leta wino na karatasi, nina neno. Sikubaliani naye mahali pengi. Lakini nikaandika wasia wangu kwa binti yangu kwa bahari ileile ya utenzi, mizani nane nane, na kila nilipotaka kumpinga nilijikuta nalazimika kwanza kumjibu kwa vina vyake. Jaribuni, hasa mlio na mabinti wanaokaribia kuolewa.

La mwisho ni la kabati. Mikanda ya video ya harusi za miaka ya themanini na tisini msiitupe eti hamna mashine ya kuchezea, mafundi wa kuihamishia kwenye kompyuta bado wapo mjini. Rukeni sehemu ya bwana harusi na mabusati. Tafuteni usiku wa wanawake, vugo, ngoma yao ya harusi, likilia, pembe zikigongwa, mwimbaji akiwataja mmoja mmoja waliokuja kutunza: mama fulani, shangazi fulani, somo fulani. Kaeni na bibi mmoja kando, mkanda ukienda, kalamu mkononi, na kila jina likitajwa msimamishe mkanda mumuulize: huyu naye, binti ya nani?