Waulize Wataalamu: Arosto ya Kichanga na Waya za Kichwani

SWALI: Shikamoo daktari. Mimba yangu ina miezi minane na nanywa methadoni, dawa ya kuniondoa kwenye heroini, kila asubuhi. Jirani ananiambia watoto wetu wakizaliwa huvalishwa waya kichwani kuangaliwa kama ubongo umeharibika. Je, niache dozi mapema ili mwanangu asipate arosto, ule msukosuko wa mwili uliokosa dawa uliyoizoea?
Mama mtarajiwa, Temeke

JIBU: Marahaba, mama. Dozi usiiache, tunakusihi. Ukikata ghafla, arosto itamkuta mtoto humo humo tumboni, na uchungu unaweza kuanza kabla ya siku zake. Miezi hii ya mwisho huenda hata ukaongezewa, maana mwili wa mjamzito huimaliza dawa haraka. Kuongezewa si kurudi nyuma. Methadoni inatolewa Dar es Salaam tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili, kwa hiyo mwambie mkunga bila kuona haya unakunywa kiasi gani. Mtajie na vidonge vya usingizi kama unavitumia, kwani navyo vina arosto yake.

Kitovu kikikatwa, dawa nayo imekatika. Mtoto wa heroini huanza dalili ndani ya saa 24. Wa methadoni kwa kawaida ni saa 48 hadi 72, wengine hata baadaye. Wakitaka kukuruhusu siku ya pili kwa kuwa mtoto ametulia, omba mbaki. Aangaliwe siku 5 hadi 7. Kilio chembamba kisichobembelezeka, kutetemeka, chafya mfululizo, kuharisha, kunyonya kwa pupa bila kupata maziwa ya kutosha: hizo ndizo za kuangalia.

Waya havalishwi kila mtoto. Huwekwa anaposhukiwa kuwa na degedege, ambalo huwapata wachache. Hazipeleki umeme kichwani. Zinapokea tu ule mdogo ambao ubongo wenyewe unautoa. Wala hazitabiri akili yake ya baadaye.

SWALI: Hamjambo wataalamu. Wodi yetu ina mashine ya aEEG ya chaneli moja, ile inayopokea umeme wa ubongo na kuuchora kama mkanda. Kichanga wa siku ya tatu, mama yake alikuwa akitumia unga, alitetemeka sana na mkanda ukapanda ghafla. Tukampa fenobabitoni ya kutuliza degedege, baadaye tukaambiwa halikuwa degedege. Tulikosea wapi?
Muuguzi, Mombasa

JIBU: Hatujambo, sista. Mlisoma mkanda peke yake, na kwa mtoto mwenye arosto mkanda ni rahisi kudanganya. aEEG huchuja mawimbi, ikibakiza takriban hezi 2 hadi 15, kisha hukandamiza saa nzima ndani ya sentimita 6. Umeme wa misuli inayotetemeka hupenya humo na kuunyanyua ukingo wa chini, vilevile kama degedege linavyofanya.

Kila mkanda unapopanda, fungueni wimbi ghafi la dakika hiyo, yaani lile ambalo halijakandamizwa. Degedege ni wimbi linalojirudia kwa mpangilio: linaanza, linabadilika ukubwa au kasi, linakwisha, na linadumu angalau sekunde 10. Misuli huchora michongoma ya haraka isiyo na mpangilio. La hatari zaidi ni kumpigapiga mtoto mgongoni: mkono wa mbembelezaji huchora wimbi lenye mapigo sawasawa, na hata mzoefu hutekwa nalo. Wekeni alama kwenye mashine kila anaposhikwa, anapobembelezwa au anaponyonya. Kisha mshike kiungo kinachocheza, ukikunje taratibu. Mtetemo utakoma, degedege halikomi, na mara nyingi macho huenda upande mmoja au pumzi hukatika.

Kuhusu uwekaji: elektrodi mbili, moja kila upande wa kichwa juu na nyuma kidogo ya sikio, ya tatu ya ardhi kwenye paji la uso. Tenganisha nywele, sugua ngozi kidogo kwa krimu ya kukwaruza, futa, weka jeli kiasi cha tone. Jeli ikimwagika hadi elektrodi mbili zikaunganika, mkanda utashuka na utadhani ubongo umelala. Kichwa kilichovimba baada ya kuzaliwa nacho huushusha. Ukinzani kati ya ngozi na elektrodi uwe chini ya kiloomu 10. Kwa kichanga aliye sawa, aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi tisa, ukingo wa chini huwa juu ya mikrovolti 5, wa juu zaidi ya 10.

Mkanda safi nao hauthibitishi kwamba degedege halipo. La chini ya sekunde 30, au lililo mbali na elektrodi, huipita chaneli moja. Mkiwa na shaka, ombeni EEG kamili, ya elektrodi nyingi.

Kabla ya fenobabitoni pimeni sukari (chini ya mmol/L 2.6 irekebisheni mara moja) na kalisi, mkatafute homa ya uti wa mgongo. Si kila mtetemo wa mtoto wa unga ni arosto. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini, msimpe; huleta arosto kali papo hapo, na degedege juu yake. Dozi ya kuanzia ya fenobabitoni, mg 20 kwa kilo, hushusha mkanda na kufuta mizunguko ya usingizi, hivyo andikeni saa iliyotolewa.

Mizunguko hiyo tunawaomba muipende. Mkanda hupanuka katika usingizi mtulivu, kwa kawaida dakika 20 hivi, halafu husinyaa. Kwenye arosto hukatikakatika. Ukiona umepanuka, ahirisha kubadilisha nepi na kupima joto.

SWALI: Mtoto aliyeanzishiwa mofini ya kutibu arosto anaweza kunyonya kwa mama anayetumia methadoni?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndiyo, mama akiwa ameimarika kwenye methadoni na hatumii unga tena. Inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Mwenye VVU aendelee na ARV zake kama alivyoelekezwa kliniki. Siku ya kuachisha ikifika, aachishe polepole.