Kupe amebakiza mdomo kwenye ngozi ya mtoto

SWALI: Daktari, mwisho wa wiki huwa tunaenda shambani kwa baba mkwe, barabara ya Kasenga, anakofuga ng'ombe na mbuzi. Jumapili nilimkuta kupe nyuma ya goti la mtoto. Mama mkwe akampaka petroli, kupe hakutikisika. Shemeji akamvuta kwa kucha, akapasuka na mdomo ukabaki ndani. Tufanye nini? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, huo mdomo uacheni. Msichokonoe kwa sindano. Osheni kwa maji na sabuni, ngozi itausukuma nje yenyewe siku zinavyokwenda.

Kinachonisumbua zaidi ni kule kupasuka. Majimaji ya kupe yanaweza kubeba vijidudu, vikaingia kwenye mchubuko wa kidole. Virusi vya homa ya Crimea-Kongo, vilivyopatikana mwaka 1956 kwa mgonjwa wa Kisangani, huambukiza hata kwa njia hiyo. Hutokea kwa nadra, lakini wachungaji wetu wanawaponda kupe kwa kucha kutwa nzima, na shemeji naye aoshe mikono.

Petroli, mafuta ya kupikia, kiberiti: vyote ni kupoteza wakati. Kupe hukaa muda mrefu bila kuhema, na wengi hujishikiza kwa ute unaoganda kama saruji. Chukua pinza yenye ncha nyembamba, hata ile ya nyusi. Mbane pale mdomo unapoingia, usimguse tumbo. Vuta juu taratibu, bila kuzungusha wala kushtua. Ngozi itainuka kidogo. Usilegeze, shikilia hivyo hivyo mpaka aachie. Kisha mtumbukize kwenye alkoli.

Safari ijayo, suruali ndefu ziingie ndani ya soksi. Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini: anangoja kwenye majani, na yule mkubwa mwenye miguu ya mistari hukufuata chini kwa kunusa pumzi yako. Dawa ya kujipaka yenye DEET inasaidia. Permetrini, ile dawa ya kuua wadudu, ni ya nguo tu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe msimpake mtoto hata tone, nawaomba. Mkirudi, oga wote, mkague makwapa, kinena, kiunoni, nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Baba mkwe naye aogeshe mifugo kwa ratiba. Kupe wengi mnaokuja nao wanatoka pale.

Andika ile tarehe ya Jumapili. Ndani ya wiki mbili mtoto akipata homa, kichwa kikauma, au pale goti pakatoka kidonda chenye gamba jeusi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwetu kila homa inaitwa malaria. Kipimo cha malaria kifanywe, ndiyo, lakini mwambie muuguzi mwenyewe, kabla hajauliza: aliumwa na kupe, tarehe fulani, nyuma ya goti. Homa ya kupe haiponi kwa dawa za malaria. Ina antibiotiki yake.