Meyer, muundaji meli wa Papenburg: majibu kwa wasomaji

Swali: Meli yetu ya Liemba iliundwa wapi, na nani?

Jibu: Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha familia ya Meyer, katika mji mdogo wa Papenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, ikiitwa Graf Goetzen. Baada ya kuunganishwa ilifumuliwa, vipande vikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg walifuatana na mzigo huo kusimamia kazi ya kuiunda upya, na mwaka 1915 ikashushwa majini katika Ziwa Tanganyika.

Swali: Joseph Lambert Meyer anasifiwa kwa lipi, ilhali kiwanda alikirithi?

Jibu: Kurithi alirithi, kwa kuwa kiwanda kilianzishwa mwaka 1795 na Willm Rolf Meyer, na kwa miongo mingi kiliunda merikebu za matanga kwa mbao, kama vilivyofanya viwanda vingine zaidi ya ishirini vya mji huo. Sifa yake ni uamuzi wa mwaka 1872, alipogeukia chuma na injini za mvuke wakati jirani zake wakiendelea na mbao waliyoijua. Viwanda vyao vilififia kimoja baada ya kingine, cha Meyer kikabaki peke yake. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una uzito kuliko meli yoyote aliyoiunda, kwani bila huo hata Liemba isingetoka huko.

Swali: Mji usio na pwani uliundaje meli?

Jibu: Kwa mifereji. Papenburg ulianzishwa mwaka 1631 katika kinamasi, watu wakichimba udongo mweusi uliokaushwa ukawa kuni, na mifereji ya kusafirishia udongo huo ndiyo iliyowafikisha kwenye mto Ems, kisha baharini. Leo meli kubwa za watalii hushuka mto huo zikivutwa kinyumenyume.

Swali: Je, familia bado inakimiliki?

Jibu: Kwa sehemu ndogo tu. Mwaka 2024, kiwanda kilipoelemewa na uhaba wa fedha, serikali kuu na serikali ya jimbo la Niedersachsen zilichukua takriban asilimia 80 ya hisa. Kinaajiri watu zaidi ya 3,000 katika mji wenye wakazi wasiofika 40,000, hivyo haikuwa rahisi kukiacha kife.