Jibu: Mbona vifo vya watoto wachanga havishuki?

Ndugu, umeuliza mbona tunaambiwa vifo vya uzazi, vya akina mama, vimeshuka Tanzania, ilhali kwenu watoto wachanga bado wanazikwa. Umeona sawasawa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukakuta 104. Vya watoto chini ya miaka mitano vilitoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000. Ila vya wachanga, yaani siku 28 za mwanzo, vilitoka 25 vikafika 24 tu! Hapo ndipo tulipokwama.

Surua hukingwa kwa chanjo, malaria kwa chandarua. Lakini mtoto mchanga anauawa na unjiti, yaani kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa na maambukizi. Anahitaji mkunga mwenye ujuzi pale pale, dakika ya kwanza.

Mdogo wangu alijifungua njiti wa kilo 1.4. Nesi alimbakiza mtoto na nepi na kofia, akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa khanga. Wiki tatu, usiku na mchana. Leo anakimbia. Ulizeni kituo chenu cha afya kama kinafundisha huduma hii ya kangaroo, na kama usiku mkunga yupo.