Kabla hujamuuzia mtu pawa saplai: kwa vijana wanaoanza ufundi

Kijana unayeanza ufundi wa kompyuta, iwe Busia, Mbale au kwenye vijiduka vya ghorofani Kampala, muda si mrefu utaletewa kompyuta ya mezani isiyowaka, na mwenyewe atakuambia, "Fundi, pawa imekufa," yaani pawa saplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Mara nyingi atakuwa amesema kweli. Lakini nimeshakuta ni kebo ya ukutani iliyolegea, na nimeshakuta ni RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, iliyojaa vumbi. Aliyekuletea mashine pengine ametoka nayo shuleni au kwenye duka lake la kuchapa barua, na hela ya kununua kitu asichokihitaji hana. Pima kwanza.

Zima, chomoa umeme, kisha chomoa ile plagi kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kwenye plagi hiyo unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, ndipo urudishe umeme. Feni ya pawa isipozunguka, una dalili nzito kwamba imekufa. Ikizunguka, usifurahi bado. Chukua mita ya kupimia volti: waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa machungwa 3.3, na tofauti inayokubalika ni asilimia 5 juu au chini. Kwa hiyo njano ikishuka chini ya 11.4, pawa hiyo imechoka hata kama feni inaimba. Na usifungue kasha lake kutafuta kapasita (kipande kinachohifadhi umeme) iliyovimba. Ndani mnaweza kubaki zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa umeme, na volti hizo zinaua.

Sasa kununua, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Wanasoma namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, 500W, wanalipa, wanaondoka. Wewe geuza pawa usome kibandiko, utafute mstari wa 12V. Prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya picha (inayotengeneza picha za skrini) hula kwenye mstari huo. Zidisha volti kwa ampea: ukikuta 12V 15A, hizo ni wati 180 tu, hata kama boksi linadai 500. Mashine ya ofisi isiyo na kadi ya picha haifiki hata wati 150 ikiwa kazini, kwa hiyo wati 300 za kweli zinamtosha mteja wako kuliko 500 za kuandikwa. Ibebe pia mkononi. Nyepesi mno kwa ukubwa wake, mimi siichukui.

Kwenye kibandiko hicho hicho angalia umeme inaopokea. Uganda tunatumia volti 240. Iliyoandikwa 100–240V haina shida. Ila zipo zenye kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230, na mashine nyingi zinazoingia hapa zilishatumika nchi nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilichomeka moja bila kukitazama kiswichi hicho. Kilikuwa kwenye 115. Mlio ulisikika hadi barabarani, na mashine ilikuwa ya mwalimu aliyehifadhi humo alama za wanafunzi. Diski ilipona, namshukuru Mungu, lakini pawa niliilipa mimi. Tangu siku hiyo naangalia nyuma kwanza, kabla ya kugusa plagi.

Umbo nalo usilisahau. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP zina pawa za umbo lao na plagi zao. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ina plagi kuu ya pini 8, si 24. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe matundu ya skurubu na plagi moja moja.

Kufunga si kazi ngumu. Piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa chochote, toa skurubu 4, ingiza mpya. Plagi ya prosesa, ile ya pini 4 au 8 karibu na prosesa yenyewe, ndiyo husahaulika: feni zinazunguka, skrini giza, na fundi anaanza kulaumu mazabodi. Plagi ya kadi ya picha yenye pini 8 inafanana nayo lakini njano na nyeusi zimekaa kinyume, kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe. Na kama pawa ni ya nyaya zinazochomoka, usitumie kamwe nyaya za pawa nyingine, hata zikiingia vizuri. Upande wa pawa kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na hadi diski inaweza kuungua papo hapo pamoja na kazi yote ya mtu.

Ikiwaka, usifunge bado kasha la kompyuta. Iache ifanye kazi nusu saa, pima njano tena ikiwa imelemewa na mzigo, kisha andika tarehe kwa kalamu ya wino ubavuni mwa pawa. Na mteja anapoondoka, mwambie umeme ukikatika achomoe plagi ukutani, asiirudishe mpaka taa za nyumbani zitulie.